Vitenzi vya Kihispania vya wakati uliopo: mwongozo kamili kwa sisi wa Arusha na Moshi tunaoanza na Kiswahili chetu

Habari zenu wadau. Hii nimeiandika kwa ajili ya madereva, waongoza watalii, wagumu (wapagazi) wa mlimani, wapishi, wadada na wakaka wa mapokezi hotelini na yeyote yule aliyeko Arusha au Moshi anayetaka kuanza Kihispania, hasa yule ambaye ameshaanza akafika kwenye vitenzi akaona ni msitu akarudi. Wageni wanaoongea Kihispania tunawapata, Hispania wenyewe wengi wanachukua likizo mwezi wa 8, na hapo hapo ndo nyumbu wanavuka Mto Mara kule kaskazini ya Serengeti na Mlima Kilimanjaro uko kwenye msimu wake wa ukavu. Halafu kuna Wamexico, Wacolombia, Waargentina. Mtu anayeweza kuwaambia sentensi kumi za kueleweka kwa lugha yao anakaa vizuri sana kwenye hii kazi, na sentensi haisimami bila kitenzi.

Ninachotaka ukibebe kutoka hapa ni kimoja: usijifunze vitenzi vya Kihispania kwa kupitia Kiingereza. Najua programu nyingi za kwenye simu na vitabu vingi tunavyovipata huku vimeandikwa kwa Kiingereza, lakini Kiingereza kitakuzungusha bure. Kiswahili kinafanana na Kihispania kwenye vitenzi mahali pengi mno, na huo mtaji unao tangu utotoni.

Hatua ya 1: Elewa kwamba nafsi imehamia mwisho

Angalia kitenzi chetu. Natembea, unatembea, anatembea, tunatembea, mnatembea, wanatembea. Nafsi sita, kila moja na alama yake, na huhitaji kusema "mimi" au "wewe" kwa sababu kitenzi chenyewe kimeshasema. Kihispania kinafanya hivyo hivyo, nafsi sita, ila alama inakaa mwisho wa kitenzi badala ya mwanzo. Basi. Hiyo ndo siri nzima, mengine ni kuzoea.

Kutembea ni caminar. Ondoa hilo -ar la mwisho unabaki na mzizi camin-, afu unaweka mwisho wa nafsi:

camino – natembea
caminas – unatembea
camina – anatembea
caminamos – tunatembea
camináis – mnatembea (hii ni ya Hispania, tutaiongelea)
caminan – wanatembea

Mwingereza hapo anateseka kwa sababu kwake kitenzi karibu hakibadiliki, kwa hiyo anang'ang'ania kusema yo camino, tú caminas, kila sentensi na kiwakilishi chake. Wewe usimuige. Yo ni "mimi" na inatumika pale tunapotumia sisi "mimi": ukitaka kukazia. Pago ni nalipa. Yo pago ni mimi ndo nalipa, wewe weka pochi mfukoni.

Matamshi nayapitia haraka maana kwetu ni mteremko. Irabu a e i o u ni zilezile zetu. H haitamkwi kabisa, kwa hiyo hablo ni "ablo". J ni kama kh ya Khamis. Ll ni y, ñ ni ny ya nyama, v na b zote ni b, qu ni k. Z, pamoja na c ikifuatwa na e au i, Mhispania wa Hispania wengi wao wanaitamka kama th ya thelathini, Amerika ya Kusini na Mexico wanasema s, chagua moja ukae nayo. Kitu cha kuangalia ni r na l kwa wale wanaozichanganya, kwa sababu pero ni lakini na pelo ni nywele.

Na mkazo! Kiswahili tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho: natembea, anatemBEa. Kihispania neno likiishia na irabu, n au s mkazo unakaa hapohapo: caMIno, caMInas, camiNAmos, caMInan. Likiishia na herufi nyingine kama r, mkazo unaenda mwisho: camiNAR. Ukiona alama juu ya herufi kama está, kaza hapo penye alama. Shika hili la mkazo maana litatusaidia sana kwenye hatua ya 7.

Hatua ya 2: Maliza -ar kwanza, usiguse kingine

Vitenzi vya Kihispania vina mafungu matatu, vinavyoishia -ar, -er na -ir. Fungu la -ar ndo kubwa kuliko yote, na kitenzi kipya kinachozaliwa leo karibu siku zote kinaingia humo. Kwa hiyo ukilijua vizuri umeshashika sehemu kubwa ya lugha. Chagua vya kazini kwako. Mimi kwa watu wa mlimani na safari ningeanza na hivi: hablar kuongea, trabajar kufanya kazi, descansar kupumzika, llevar kubeba, llegar kufika, bajar kushuka, tomar kuchukua au kunywa, esperar kusubiri, cocinar kupika, mirar kuangalia, necesitar kuhitaji, cruzar kuvuka.

Vyote vinafuata camino, caminas, camina. Usivikariri kama orodha ya shule, tengeneza sentensi ambayo kweli utaitamka kwa mtu:

Caminamos despacio. – Tunatembea polepole.
Los porteadores llevan las mochilas. – Wapagazi wanabeba mabegi.
¿Necesitas agua? – Unahitaji maji?
Los ñus cruzan el río. – Nyumbu wanavuka mto.
Trabajo en Moshi. – Nafanya kazi Moshi.

Hapo kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi mapema. Huu wakati uliopo mmoja unafanya kazi za wakati wetu kadhaa. Caminamos inaweza kuwa tunatembea sasa hivi, inaweza kuwa huwa tunatembea kila siku, na ukiweka mañana mbele inakuwa ya kesho: mañana caminamos seis horas, kesho tunatembea masaa sita. Si ndivyo tunavyosema hata sisi, "kesho tunaondoka saa kumi na mbili"? Tena ukisema Vivo en Arusha desde 2015, ni neno kwa neno "naishi Arusha tangu 2015", kwa wakati uliopo kabisa, wakati Mwingereza hapo lazima ahamie kwenye wakati mwingine.

Hatua ya 3: -er na -ir, pacha wawili

Haya mafungu mawili yanaenda pamoja, tofauti yao ni sehemu mbili tu. Bebe ni kunywa, ooh ngoja, kitenzi chenyewe ni beber, bebe ni anakunywa. Na subir ni kupanda, kitenzi cha kwanza kabisa ambacho mtu wa Moshi anakihitaji.

bebo, bebes, bebe, bebemos, bebéis, beben
subo, subes, sube, subimos, subís, suben

Umeona? Mimi, wewe, yeye na wao ni sawasawa. Sisi ni -emos kwa beber na -imos kwa subir, na ile ninyi ya Hispania ni -éis na -ís. Mwisho wa -o wa "mimi" upo kwenye mafungu yote matatu, na "sisi" inaishia -mos kila mahali bila kukosa hata kwenye vitenzi vikorofi. Vya kuongeza hapa: comer kula, correr kukimbia, aprender kujifunza, comprender kuelewa, vivir kuishi, abrir kufungua, escribir kuandika, recibir kupokea.

Hatua ya 4: Heshima. Usiruke hii

Sisi watu wa shikamoo tunaielewa hii bila shida. Kihispania kina tú, wewe wa kawaida, na kina usted, wewe wa heshima. Usted inachukua kitenzi cha "yeye". Kwa hiyo kwa kijana mwenzako ¿Hablas inglés?, kwa mzee au mama mtu mzima ¿Habla inglés? au ¿Habla usted inglés? Inaonekana ajabu mpaka ukumbuke mhudumu wa mgahawani kwetu anavyosema "mama atakunywa chai au kahawa?" huku mama mwenyewe kakaa mbele yake. Ni ileile. Usted yenyewe imetokana na vuestra merced, msemo wa zamani wa kumtaja mtu kwa cheo badala ya kumwita wewe.

Wingi: Hispania wakiongea na marafiki au familia wanatumia vosotros, ndo ile camináis, bebéis, subís. Amerika yote inayoongea Kihispania wanatumia ustedes kwa kila mtu, na ustedes inachukua kitenzi cha "wao": ustedes caminan. Ushauri wangu kwa anayeanza, wewe ongea kwa ustedes kwa makundi yote, hakuna Mhispania atakayekasirika kwa kupewa heshima, ila zoesha sikio lako kuisikia vosotros ili kundi la kutoka Madrid likiulizana ¿tenéis agua? (mna maji?) usibaki umetoa macho.

Waargentina wana yao tena, wanasema vos badala ya tú na mkazo unaenda mwisho: vos caminás, vos tenés, vos querés. Ielewe tu, si lazima uiseme. Na Wacolombia wengi wanatumia usted hata kwa watu wa karibu, kwa hiyo usidhani umekosewa adabu wala umewekwa mbali.

Hatua ya 5: Ser na estar, hapa tukae kidogo

Hapa ndo wanafunzi wengi wa dunia nzima wanalia, kwa sababu "kuwa" ya Kihispania iko mara mbili.

ser: soy, eres, es, somos, sois, son
estar: estoy, estás, está, estamos, estáis, están

Vitabu vitakwambia ser ni ya kudumu na estar ni ya muda. Mimi sikubaliani na hiyo kanuni, inavunjika haraka mno, maana mtu aliyekufa ni está muerto na sijui kuna nini cha kudumu kuliko hicho. Kiswahili kina kanuni nzuri zaidi.

Kama kwa Kiswahili unasema "ni", tumia ser. Mimi ni wa Arusha, soy de Arusha. Yeye ni mpishi, es cocinero. Sisi ni Watanzania, somos tanzanos. Simba ni mkubwa, el león es grande.

Kama unasema -ko, -po, -mo, tumia estar. Niko Arusha, estoy en Arusha. Choo kiko wapi, ¿dónde está el baño? Wageni wapo kwenye gari, los clientes están en el coche. Na hata ile ya mtaani, niko poa, niko fiti, niko bize, zote ni estar: estoy bien, estoy ocupado.

Kama unasema -me- ya hali, yaani jambo limeshatokea na hali imebaki, tumia estar pia. Nimechoka, estoy cansado, mwanamke anasema estoy cansada. Geti limefungwa, la puerta está cerrada. Amekufa, está muerto. Hiyo ya kifo inayowachanganya watu kwa Kiswahili imejibiwa yenyewe.

Haifuniki kila kitu. Mkutano au sherehe inafanyika wapi, Kihispania kinataka ser hata kama sisi tunasema uko: la reunión es en el hotel. Na "anaumwa" ni está enfermo. Lakini kwa mwanzo kanuni ya ni, -ko na -me- itakupeleka mbali kuliko yoyote niliyoiona vitabuni.

Saa pia ni ser, na hapa shika kichwa: wao wanahesabu saa kama Waingereza. La cena es a las siete ni chakula cha jioni saa moja, si saa saba. Ukikosea hapa wageni watakusubiri au utawasubiri masaa sita, kwa hiyo rudia mwenyewe mpaka ikae: saa kumi na mbili asubuhi ni las seis, saa sita usiku ni las doce.

Hatua ya 6: Tener, hay na ir

Tener ni kuwa na: tengo, tienes, tiene, tenemos, tenéis, tienen. Na hapa tumependelewa. Sisi tunasema nina njaa, nina kiu, nina usingizi, nina haraka, nina miaka thelathini. Wao wanasema tengo hambre, tengo sed, tengo sueño, tengo prisa, tengo treinta años. Neno kwa neno! Ongeza tengo frío nasikia baridi, tengo calor nasikia joto, tengo miedo naogopa. Ukitafsiri kutoka Kiingereza hapa unapotea, ukitafsiri kutoka Kiswahili umefika.

Ukiweka que na kitenzi kizima inakuwa inabidi: tienes que beber agua, inabidi unywe maji. Tenemos que esperar, inabidi tusubiri.

Hay (tamka "ai") ni kuna, na no hay ni hakuna. Haibadiliki kwa umoja wala wingi. Hay un león, hay muchos elefantes, no hay agua, no hay problema. Dereva wa safari akiwa na hay, está na majina ya wanyama tayari ana siku nzima ya maongezi Ngorongoro.

Ir ni kwenda: voy, vas, va, vamos, vais, van. Haifanani na jina lake hata kidogo, ikariri tu. Vamos peke yake ni twende. Na ukiweka a na kitenzi kizima unapata wakati ujao bila kuusomea: vamos a subir, tutapanda. Voy a cocinar, nitapika.

Umeona kitenzi cha pili kinabaki kizima? Kama ku- yetu. Nataka kupanda, quiero subir. Nahitaji kupumzika, necesito descansar. Cha kwanza kinabeba nafsi, cha pili hakiguswi.

Hatua ya 7: Vitenzi vinavyobadilika katikati

Quiero inatoka kwenye querer, puedo inatoka poder, duermo inatoka dormir. Mzizi umebadilika, e imekuwa ie, o imekuwa ue, na kwingine e inakuwa i kama pedir, kuomba: pido.

puedo, puedes, puede, podemos, podéis, pueden
quiero, quieres, quiere, queremos, queréis, quieren

Angalia sisi na vosotros, hazikubadilika. Kwa nini? Rudi kwenye mkazo. PUEdo, PUEdes, PUEde, mkazo unaangukia kwenye irabu ya mzizi, na ikikazwa inapasuka kuwa mbili. PoDEmos, mkazo umehamia kwenye mwisho, irabu ya mzizi imepumua, inabaki kama ilivyo. Sikio lako la Kiswahili limezoea mkazo kuhama neno likirefuka (PIka, piKAna, pikiAna), kwa hiyo litamke kwa sauti usilisome kimyakimya, mdomo utakwambia wenyewe wapi pa kupasua.

Vingine vya namna hii: empezar kuanza, empiezo, entender kuelewa, entiendo, volver kurudi, vuelvo, seguir kuendelea, sigo. Jugar, kucheza, ni u inakuwa ue, juego, na iko peke yake.

Afu kuna vitenzi ambavyo vinakorofisha kwenye "mimi" tu, huko kwingine vimetulia au vinafuata mambo tuliyoyaona: hago nafanya (hacer), salgo naondoka (salir), pongo naweka (poner), traigo naleta (traer), vengo nakuja (venir), digo nasema (decir), sé najua (saber), conozco namfahamu (conocer), veo naona (ver), doy natoa (dar). Hivi chukua viwili viwili. Mpishi aanze na traigo na pongo, anavisema kila mlo.

Hatua ya 8: Kichwa kinaniuma

Hii nimeiweka mwisho lakini kwa mtu wa mlimani ningeipa uzito kuliko zote. Kihispania mara nyingi hakisemi "nina maumivu ya kichwa" kama Mwingereza. Kinasema me duele la cabeza, kichwa kinaniuma. Anayefanya tendo ni kichwa, na hiyo me ni -ni- yetu ya ndani ya kitenzi. Miguu inaniuma, me duelen las piernas, kitenzi kimekuwa cha wingi kwa sababu miguu ni mingi. Te duele ni kinakuuma, le duele ni kinamuuma au kinakuuma kwa heshima. Gustar inaenda hivyo hivyo: me gusta el café, kahawa inanipendeza. Me gustan los elefantes.

Tuchukue usiku wa kileleni, kambi ya Barafu, mita zaidi ya 4,600, mgeni ni mama wa makamo kutoka Hispania na umeenda kumwamsha hemani. Unatumia usted.

– Buenas noches, señora. ¿Cómo está?
– Estoy cansada, pero bien. Tengo frío.
– ¿Le duele la cabeza?
– Me duele un poco.
– ¿Tiene náuseas?
– No.
– ¿Puede comer algo?
– No tengo hambre, pero quiero té.
– Traigo el té ahora. Salimos a las doce. Caminamos despacio.

Hesabu mwenyewe ni vitenzi gani humo hujavisoma hapo juu. Hakuna. Na hayo maswali matatu ya kichwa, kichefuchefu na kula ndo yanakwambia hali yake kwenye mwinuko ule, mgeni anayeongea Kiingereza cha kubahatisha saa hiyo ya usiku na baridi ile hawezi kukueleza vizuri, kwa lugha yake anakueleza. Akikujibu me duele mucho, akawa anatapika (vomita), au ukiona anayumba akitembea, sentensi yako ni tenemos que bajar ahora, inabidi tushuke sasa, na unaisema kwa utulivu bila kuibadilisha.

Kukanusha na kuuliza

Hapa ni rahisi kuliko kwetu. Sisi tuna si-, hu-, ha- na mwisho unageuka -i. Wao wanaweka no mbele ya kitenzi wamemaliza: no hablo, siongei, no entiendo, sielewi, no puede subir, hawezi kupanda. Me na te zikiwepo, no inatangulia: no me duele. Swali ni kupandisha sauti tu kama sisi, na ukiandika unaweka alama mbili, ¿ mwanzo na ? mwisho.

Namna ya kufanya mazoezi

Chukua daftari dogo la kuingia mfukoni. Kila siku kitenzi kimoja, si kumi, na kwa hicho kimoja sema nafsi zote kwa sauti halafu tunga sentensi za kweli za siku yako: nimekaa kwenye hiace kutoka Moshi kwenda Arusha, espero, esperamos, el coche no llega. Kilometa 80 hizo na kusimama kwa Bomang'ombe na Usa River zinatosha kukimaliza kitenzi. Ukiwa na mwenzako mnasoma pamoja ndo vizuri zaidi, mmoja anasema "wanabeba" mwingine anajibu "llevan" bila kufikiri, mkizungushana hivyo mkiwa mnaosha gari au mnapanga mizigo. Kasi ndo unayoitafuta. Kujua jedwali na kushindwa kulisema mgeni akiwa mbele yako hakusaidii.

Ukikwama na kitenzi, kamusi ya Real Academia Española iko bure mtandaoni. Andika kitenzi, tafuta sehemu ya conjugación, utakutana na jedwali refu la kutisha. Wewe angalia sehemu moja, Indicativo, hapo palipoandikwa Presente. Mengine yote yaache kwanza, usiingie kwenye wakati uliopita mpaka hizi nafsi sita zitoke mdomoni zenyewe.

Jipime na hizi, funika majibu:

Tunapanda polepole. Una kiu? (kwa kijana) Inabidi wapumzike. Tembo wako wapi? Mimi ni wa Moshi lakini sasa niko Arusha. Siwezi kula. Miguu inakuuma? (kwa mzee) Chai naleta saa kumi na mbili asubuhi.

Majibu:

Subimos despacio.
¿Tienes sed?
Tienen que descansar.
¿Dónde están los elefantes?
Soy de Moshi, pero ahora estoy en Arusha.
No puedo comer.
¿Le duelen las piernas?
Traigo el té a las seis.